Kinywa cha Mama Mbele ya Watahini

Mtahiniwa anayeniuliza "hutoka nini kwenye mtihani" ameshafeli, ila matokeo hayajabandikwa. Nawaambia nyinyi mnaonijia barazani kwangu siku hizi, majina mmeshayatarizi kwenye makoti meupe na leseni yenyewe hamjaiona, simu mmezishika tayari kunirekodi. "Bi Rukia, tupe siri." Siri gani? Nimekwangua meno ya watu wa kisiwa hiki mpaka nikastaafu, na nilichotoka nacho ni kwamba watu hawapigi mswaki nyuma ya meno ya chini. Haya, nimewapa. Nendeni.

Hamwendi. Basi kaeni, lakini simu wekeni mfukoni.

Juzi mmoja wenu, yule mwenye kucha ndefu (na kucha zile ukiziingiza kwenye kinywa cha mtu utamtoa nyama), aliniletea habari akiwa na furaha ya mtu aliyeposwa. Alisema mtihani wa vitendo sasa utafanywa kwenye taya la plastiki. Uchafu umepakwa kiwandani, kila mtahiniwa anapata kinywa kile kile, haki sawa kwa wote. Nilicheka mpaka nikapaliwa na kahawa. Taya la plastiki! Halitemi mate, haling'ati, halikohoi, na likitoka pale halikutani nawe sokoni. Mtu aliyefaulu kwa taya la plastiki namwona sawa na mtu aliyejifunza kuogelea kitandani.

Sisi mtihani wetu ulitaka mgonjwa, na mgonjwa ulijitafutia mwenyewe. Na si mgonjwa yeyote. Alitakiwa mtu mwenye ugaga. Najua mmesoma vitabuni, lakini nitasema kwa ajili ya yule aliyesoma akiwa anatazama simu. Ukoga ni ule utelezi unaoufuta kwa kidole asubuhi. Ukiuacha, unaganda, unashika jino kama ukoko unavyoshika sufuria, na hapo mswaki hauufanyi kitu, sharti chuma. Huo sasa ndio ugaga. Mtahini alimkagua mgonjwa wako kwanza, na akiona ugaga hautoshi, unarudi nyumbani na vyombo vyako, unangoja mtihani mwingine.

Kwa hiyo tuliranda mjini tukitazama watu midomoni. Nilikwenda harusi nisimwone bibi harusi, nikaona magego ya waalikwa. Mwenzangu mmoja, kijana aliyejiona ana akili kutushinda sote, alimkataza mjomba wake kupiga mswaki mwezi mzima ili amlete ameiva. Mjomba akaja ananuka chumba kizima, ana ukoga tele na ugaga hana. Wote wawili walirudishwa, mtihani mmoja kabla ya wangu, na mjomba hakumsemesha tena mpaka kijana alipooa. Miaka yote ya chuo, na hakujua tofauti ya vitu viwili ambavyo ndiyo kazi yenyewe.

Mimi nilifundishwa mkono na Bwana Mutua, Mkamba mmoja mrefu aliyekuwa kwenye zahanati nilikofanyia mazoezi. Hakuwa mtu wa kusifu. Siku ya kwanza alinitazama nikishika kikwanguo, akasema, "Rukia, huo mkono ni wa kufua, si wa meno." Akanipa yai bichi lililopakwa rangi ya kucha. Kazi yangu ilikuwa kuikwangua rangi yote bila kuvunja ganda. Nyumbani tulikula mayai mpaka Mama akauliza kama nasomea meno au nasomea upishi. Siku yai la kwanza lilipotoka zima, nilimpelekea Bwana Mutua nikidhani atapiga makofi. Akalipapasa kwa kidole, akanirudishia. "Hapa bado," akasema.

Kutoka kwake nilijifunza mambo mawili, na haya andikeni. La kwanza, kidole cha pete lazima kiegemee jino kabla chuma hakijaenda popote, maana mgonjwa akishtuka, mkono wako ushtuke pamoja naye. La pili, jicho ni mwongo. Damu ikishaanza kutoka huoni kitu, utasema pasafi na pachafu. Unapitisha kile chuma chembamba cha kupapasia juu ya jino, taratibu, na mahali kinapokwaruza ndipo penye kazi. Nyinyi mna mashine ya kutetemesha na maji yanaruka mpaka darini, mnadhani mashine inajua. Mashine haijui kitu.

Sasa mgonjwa. Wangu alikuwa Bi Zaharia, jirani yetu kwenye kichochoro kinachoingilia Ndia Kuu, mama wa makamo, mwenye mwili na maneno. Alikula tambuu tangu alipoolewa, na kinywa chake kilikuwa hazina. Ugaga ulikaa nyuma ya meno ya chini na ubavuni mwa magego ya juu, mahali pale pale mate yanapotokea, mweusi kwa popoo na chokaa. Nilimbembeleza hata akakubali. Nililala usingizi mzuri nikijua kwamba wenzangu wote wangeniua kwa ajili ya kinywa kile.

Kosa langu lilikuwa kumwambia mama yangu.

Mama yangu mngemjua mngejificha. Kizingiti chake kilioshwa asubuhi na jioni. Mgeni aliyekanyaga mkeka kwa unyayo wa vumbi hakuambiwa kitu, lakini mkeka uliloweshwa kabla hajafika mwisho wa kichochoro, na yeye akiona. Mtu wa sitara sana. Hata akicheka, alicheka ncha ya mtandio ikiwa mdomoni, nami tangu utotoni nilijua hiyo ni adabu ya wanawake wa zamani. Alikuwa amekubali kumsindikiza Bi Zaharia siku ya mtihani, kwa sababu mwanamke mwenye heshima zake haendi peke yake kukaa mbele ya wanaume asiowajua.

Mtihani ulikuwa katika jengo moja upande wa Tononoka. Viti vilipangwa safu, taa zimewashwa, watahini wamevaa tai na joto lile. Nikatoka kumwita mgonjwa wangu. Bi Zaharia alikuwa kwenye benchi pamoja na Mama, amevaa buibui jipya, ananukia udi. Akanichekea. Meno yalikuwa meupe.

"Bi Zaharia," nikasema, "umefanyani?"

"Mamako kanipeleka kwa daktari jana, Mngu amuweke. Kanikwangua, mwanangu, hata mato yakanitoka matozi. Hebu nangalia! Si meno ya mwari haya?"

Nikamgeukia Mama. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyefanya wema na anangoja kushukuriwa.

"Wewe ulitaka nimtoe mke wa watu," akasema, "akakae mbele ya wanaume wa serikali na kinywa kile? Wangesemani? Kwamba Mji wa Kale hakuna maji?"

Watoto wazuri, hapo ndipo nilipoijua hasira. Nilitaka kulia na kucheka na kumrushia mtu kiatu. Nilimwingiza Bi Zaharia hivyo hivyo, kwa kukata tamaa. Mtahini mkuu, bwana mmoja mwembamba aliyeongea kama anasoma tangazo, alimtazama kinywani, akapapasa hapa na pale, akavua glavu.

"Mgonjwa huyu hana ugaga. Lete mwingine kabla wenzako hawajamaliza kupanga vyombo, au urudi mtihani ujao."

Mtihani ujao! Baba alikuwa ameshafariki. Ndugu zangu wadogo walikuwa shuleni, na zahanati ilikuwa imenishikia nafasi kwa sharti kwamba nije na leseni safari ile. Nikikosa, nafasi inakwenda kwa yule kijana wa mjomba au mwingine kama yeye. Mama alilijua hilo kuliko mtu yeyote, na bado ndiye aliyeenda kunisafishia mgonjwa.

Nilitoka, na nilimwambia maneno ambayo siku nyingine yoyote ningepigwa kofi kwayo. Yeye alinisikiliza tu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kwani hawa watu wao wataka nini hasa? Mtu mchafu?"

"Wataka ugaga, Mama. Nyuma ya meno. Mgumu."

Akatazama huku na huku kama mwizi. Akanishika mkono, akanivuta mpaka dirishani, mbali na benchi.

"Ndoo, sogea hapa mwangazani," akasema. Akaondoa mtandio, akafumbua kinywa. "Huu watosha?"

Nilikuwa sijawahi kukiona kinywa cha mama yangu. Mbele meno yalikuwa safi, meupe, kazi ya mswaki wa mti kila swala. Nyuma ya yale ya chini palikuwa na ukuta. Meno manne yameshikana yakawa kitu kimoja, fizi nyekundu zimevimba, na harufu niliyoizoea kwa wagonjwa ikanijia kutoka kwa mama yangu. Mwanamke aliyelowesha mkeka kwa vumbi la mgeni! Hapo nikaelewa mtandio ule mdomoni ulikuwa wa nini miaka yote. Nilisikia uchungu, kisha, kwa kuwa mimi ni mtu wa kazi yangu, nikasikia furaha.

"Watosha," nikasema.

"Haya. Lakini neno lisitoke, Rukia. Wewe uone, unisafishe, tufunike. Zaharia asijue."

Sikupata nafasi ya kumjibu, maana waliniita. Na mtihani ule, wanangu, ulianza kwa kusoma. Kabla hujagusa jino, unalitaja kwa sauti moja baada ya jingine, unasema lina nini, na mtahini anaandika. Jibu lisilosikika halina alama. Viti vilikaribiana, wanafunzi wa mwaka wa nyuma walisimama ukutani kujifunza, na Bi Zaharia aliyekataliwa alikuwa amepewa stuli mlangoni amngojee mwenzake. Kumwaga mtama penye kuku wengi ni maneno tu mpaka siku mtama ni wa mamako.

Mtahini alimpapasa Mama, akaridhika, akashika kalamu. Nikainama. Nikaanza kwa sauti ya mtu anayesoma dua ya kulala.

"Sauti, mtahiniwa," akasema.

Nikaongeza kidogo.

"Sauti. Chumba hiki si msikiti."

Namchukia hata leo. Hakumtazama Mama usoni hata mara moja. Kwake pale kitini palikuwa na taya. Ndiyo maana nacheka mnapoona taya la plastiki ni jambo jipya, watu wa namna ile walikuwa nalo zamani, ila lilikuwa bado lina mtu ndani.

Nikamtazama Mama. Macho yake yalikuwa yananiambia nisifanye. Nilifikiria kuvua glavu niende zangu, na sisemi hivyo ili mnisifu, maana sikuzivua. Nikajua kwamba nikinyamaza tutarudi nyumbani na aibu yake na bila leseni yangu, na yeye naye alilijua hilo. Akashika ncha ya mtandio. Nilidhani atafunika kinywa, kama alivyofanya maisha yake yote. Akafunika macho. Kinywa akakiacha wazi.

Basi nikasoma. "Chini, mbele, kulia, la kwanza. Ugaga upande wa ulimi. Fizi zimevimba, zinatoka damu. Jino linatikisika." Nikasoma la pili, nikasoma la tatu. Nikataja gego la juu lililooza, la kung'olewa. Nikataja harufu, kwa sababu ilikuwa na alama zake. Nilipaza sauti mpaka mtahini mwenyewe akaniambia inatosha.

Kukwangua kulikuwa kwepesi baada ya hapo. Kidole cha pete kikaegemea jino la mama yangu, na chuma hakikuteleza. Bwana Mutua hakula hasara. Ule ukuta ulitoka vipande vipande, kila kipande kikilia kwenye bakuli la bati. Mama hakusogea wala hakuguna. Mtahini alikuja na chuma chake, akapapasa, akakwama mahali pamoja. "Hapa bado," akasema, nikapunguziwa alama. Nikafaulu. Leseni ikatoka, nafasi nikaipata, ndugu zangu wakasoma.

Tulipofika mlangoni Mama aliosha kizingiti, na kilikuwa kimeoshwa asubuhi. Kisha akasema akiwa amenipa mgongo, "Lile la kung'olewa ulilisema kwa sauti kubwa mno."

Nilingoja habari zitambae. Nilijua kufikia magharibi Ndia Kuu nzima itajua mama yangu ana nini nyuma ya meno, kwa sababu Bi Zaharia hakuwahi kukaa na neno likapoa. Siku ya pili nikapita dukani, nikaambiwa kwa mshangao, "Zaharia yuwasema walimkataa!" Ndiyo habari iliyotambaa. Bi Zaharia aliizungusha nyumba kwa nyumba, jinsi wataalamu wa serikali walivyokaa wakatafuta uchafu kinywani mwake kwa taa na kioo wasione hata chembe, wakamrudisha kwa usafi. Kila baraza alicheka mdomo wazi ili watu washuhudie. Alijisifu mpaka akatuchosha, na katika kujisifu kwake kote hakumtaja Mama. Mpaka leo sijui kama alimsetiri kwa makusudi au majisifu hayakumwachia nafasi. Mama alisema ni majisifu. Lakini tangu siku ile kila Ijumaa alimpelekea sahani ya biriani, na Mama hakuwa mtu wa kugawa biriani ovyo.

Kwenye kazi yangu, sasa, nilikuwa na desturi iliyowaudhi vijana waliofanya mazoezi chini yangu. Sikupaza sauti juu ya kinywa cha mtu. Nilivuta pazia, nikamwambia mgonjwa, "Nitamsomea huyu anayeandika, niruhusu," nikasoma kwa sauti ya kumfikia anayeandika na si mlangoni. Mmoja aliniambia napoteza muda, mgonjwa mwenyewe haelewi. Huyo nilimpa yai.

Mtaniuliza, na Mama ukawa unamsafisha kila baada ya miezi sita? Hapana. Nilimwomba kila mwaka. Nilimwambia ugaga hurudi, nilimwambia meno yale yanatikisika, nilimletea vyombo nyumbani, nikafunga madirisha. "Mara moja yatosha," akasema. Gego aling'oa kwa mtu mwingine, hakuniambia kwa nani. Nimeingia kwenye vinywa vya mabaharia, makadhi, wachuuzi wa kahawa na maharusi, na kinywa nilichokuwa nakitaka kilikuwa nyumbani kwangu kimefunikwa mtandio. Mnajua kero ya jambo kama hilo? Hamjui. Nyinyi mna taya la plastiki.

Kwa hiyo nendeni mkafanye mtihani wenu. Mtafaulu, kufaulu si kazi. Mtapata alama kamili, na hakuna atakayefunika macho.

Mama alipofariki, wanawake walioingia kumwosha waliniita, maana binti ndiye mwenye haki. Bi Zaharia, ameshakuwa mkongwe, ndiye aliyeshika kata ya maji. Mnajua inavyofanywa: unazungusha kitambaa kilicholowa kidoleni, unampitishia maiti kwenye meno, polepole, kama anatawadha mwenyewe. Na aoshaye anafunzwa mapema kwamba atakachokiona anakizika pamoja na maiti. Nikazungusha kitambaa. Kidole cha pete kikaegemea jino chenyewe, sikukiamrisha. Nikapitisha mbele, kisha nikapitisha nyuma ya yale ya chini, taratibu, kama alivyonifundisha Bwana Mutua, nikapapasa jino moja baada ya jingine mpaka mwisho.

Bi Zaharia alinitazama. Nikainamisha macho, naye akamimina maji. Safari hiyo hapakuwa na mtu wa kuniambia nipaze sauti.